Mgowe wa Makontena

Ujumbe uliingia saa mbili asubuhi, nikiwa nje na chepe, nakwangua umande ulioganda juu ya mfuniko wa bomba.

"Hongereni Ikombela. Biashara yenu imekua. Kontena la pili limeagizwa na litafika baada ya siku kumi na mbili. Umeme wake utatolewa kwenye fungu la kijiji cha Usalimwani."

Aliyeandika ni Mpimaji. Hakuwa mtu. Alikuwa programu iliyokaa Dodoma, ikiangalia vituo vyote vya data vya kampuni kila dakika, ikiamua wapi paongezwe na wapi papunguzwe. Nilisoma mara mbili, nikatupa chepe, nikaenda kumtafuta Fundi Obadia Chaula.

Nilijua nitamkuta wapi. Mwezi wa sita, kabla jua halijapata nguvu, Fundi alikaa kwenye kigoda nyuma ya kontena letu, mgongo kwenye bati, upande ule ambao feni hupumulia. Koti amelifunga hadi kidevuni, mkononi kiazi cha kuchemsha.

"Kamwene, Fundi. Tumekua."

"Nani kakua?"

"Sisi. Ikombela."

"Binti Luvanda, mimi niliacha kukua darasa la sita. Waulize niliosoma nao."

Nikampa simu. Alisoma akitafuna, kisha akaacha kutafuna. Aliweka kiazi juu ya goti, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma tena kama vile kosa lilikuwa kwenye kioo.

"Ni mgowe," alisema. "Yusta, huu ni mgowe wetu."

Wasiomjua walimwona mzee mfupi mwenye kofia ya sufu, basi. Lakini mchoro wa makontena ulikuwa wake. Zamani kampuni zilijenga majumba makubwa ya data kwa ajili ya wateja ambao hawajafika, zikapoza kumbi tupu mwaka hadi mwaka. Fundi, wakati huo kijana, aliwauliza wakubwa wake: mtu akinunua ng'ombe wa kwanza, hujenga zizi la ng'ombe mia? Akachora kontena moja lenye makabati kumi na sita ya seva, na ubavuni matundu manne ya kuunganishia: la umeme, la maji, la data na la joto. Biashara ikikua, unaleta kontena jingine na kulichomeka kwenye la kwanza, kama mtu anavyoongeza chumba. Ikipungua, unalichomoa, na lori linalipeleka kazi iliko.

Tundu la nne walimcheka. Joto la seva ni taka, walisema, linatupwa hewani. Fundi akagoma kutia sahihi mchoro usio na tundu hilo. "Kuna kati yenu aliyewahi kulala Ikombela mwezi wa saba?" aliuliza. Hakuna. Wakamwachia tundu lake ili anyamaze.

Kwetu bomba lilitoka kwenye tundu hilo, likapita chini ya ardhi hatua arobaini, likaingia ukutani mwa chumba cha njiti cha zahanati. Watoto waliozaliwa kabla ya wakati walilala humo kama vifaranga chini ya mama yao. Kabla ya bomba, baridi iliwachukua wengi. Mama yangu alizaa watano. Tuko watatu.

Mimi nilifika kwa Fundi na cheti cha kidato cha nne tu. Siku ya kwanza nikamuuliza kwa nini alimfundisha Mpimaji kutazama kilele cha mzigo, ile wiki moja yenye kazi nyingi kuliko zote, badala ya wastani wa miezi. Alifurahi kuulizwa hadi akanimegea kiazi chake.

"Kwa sababu biashara haikui kama mti, mwanangu. Inakua kama mtoto. Unaamka asubuhi, suruali ya jana imekuwa fupi. Ukisubiri wastani, atatembea uchi."

Ikombela tulikuwa na makontena manne enzi za wanunuzi wa chai na pareto. Wakahamishia kazi zao pwani, na makontena yakaondoka moja baada ya jingine. La mwisho lilibaki na mzigo wa asilimia kumi na moja tu: faili za zahanati, hesabu za viazi za ushirika, mitihani ya shule. Kanuni ilisema kontena lisilofika asilimia thelathini hata wiki moja ndani ya miezi mitatu, liondolewe. Na chumba cha njiti kipoe nalo.

Sasa kwetu, mtu akiwa na shamba kubwa kuliko mikono yake, huita mgowe. Anapika pombe na chakula, majirani wanakuja na majembe yao, na jua likizama shamba limekwisha. Safari nyingine ni zamu ya jirani. Fundi akaita mgowe wa makontena. Vituo sita vya milimani, vyote vyenye mzigo kiduchu, vilikubaliana kwamba kila Jumatatu wote watume kazi zao kwenye kituo kimoja, kwa zamu. Mpimaji akaona kila kituo kina wiki yake ya nguvu, asiguse hata kimoja. Zamu yetu ilipofika, mimi ndiye niliyefungua njia ya kupokea kazi za wenzetu. Sikuuliza sana. Nilikuwa nimewaona njiti.

Tulichokosea ni ukarimu. Vituo vingine vitano vilisikia, vikaomba kuingia, na mtu aliyekuja mgoweni na jembe lake begani hafukuzwi. Hakuna kati yetu hata aliyefikiria kuwafukuza. Tukawa kumi na moja. Mara mbili ndani ya mwaka ule, wiki ya zamu yetu, mzigo ulipanda hadi asilimia themanini na kitu, na Mpimaji akafanya alichofundishwa na Fundi mwenyewe. Aliona mtoto anakua, akamwagizia suruali.

*

"Tunyamaze," Fundi alisema.

Tulikuwa ndani ya chumba cha njiti, maana Nesi Anyesi alikuwa ametuita tuangalie pampu. Chumba kile kilikuwa kidogo, kina vitanda vinne vya mbao, na siku ile mtoto mmoja tu. Alikuwa binti wa Tusekile, siku ya tisa tangu azaliwe, kilo moja na gramu mia mbili. Hakuwa na jina bado. Tusekile alikuwa amekaa kando yake akimtazama kifua kinavyopanda na kushuka, kama mtu anayehesabu.

"Tukisema ukweli," Fundi aliendelea kwa sauti ya chini, "Mpimaji atafuta oda. Sawa. Lakini ataona pia mzigo wetu halisi, na lori litakuja kuchukua hili tulilonalo. Siku tano. Nesi, huyu anahitaji muda gani humu?"

"Wiki tatu," Nesi Anyesi alisema. "Nne, kama hapendi kunyonya."

"Umesikia, Yusta."

"Na Usalimwani?" nikauliza.

Fundi akaikunja kofia yake mikononi. Mto wetu ni mmoja, na mtambo wake wa umeme ni mmoja. Kontena jipya likija, kwa mkataba, lingepewa umeme kabla ya kijiji hicho.

"Usalimwani tutawatafutia njia," alisema.

"Njia gani?" Nesi Anyesi akageuka. "Fundi, mimi nilifanya kazi kule miaka minne. Friji ya chanjo ikizimika nusu siku, unamwaga kila kitu. Mashine ya oksijeni ni moja. Utawatafutia njia ya kupumua?"

"Nesi, mimi namwona huyu." Alimnyooshea mtoto kidole. "Huyu hapa. Nikilala namwona. Wa Usalimwani siwaoni."

"Ndiyo maana kuna manesi kule wanaowaona."

"Usinigombeze mbele ya mgonjwa."

"Mgonjwa amelala. Nakugombeza wewe."

Tusekile hakuwa amegeuza kichwa muda wote huo. Alikuwa binti wa miaka ishirini na mbili, mume wake akipasua mbao Mufindi, na tangu nimjue sikuwahi kumsikia akisema maneno zaidi ya kumi kwa mpigo.

"Nesi," alisema, "kwani kule hakuna njiti?"

Pampu ilikuwa ikinguruma. Tusekile akaweka kidole kwenye kiganja cha mwanawe, nacho kiganja kikajifunga.

"Basi msinifanye niwe mama aliyejua akanyamaza," alisema.

Fundi alitoka. Nilimpa muda, kisha nikamfuata. Alikuwa amesimama kwenye baridi bila kofia, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Simu iko wapi?" aliniuliza.

*

Kabla ya kupiga Dodoma, aliwapigia mafundi wote kumi wa vituo vya mgowe, mmoja mmoja. Alisema heshima ya mgowe ni kwamba hata ukivunjika, aliyeuita ndiye anayetangaza. Mmoja alimtukana kwa Kikinga, na Fundi akamsikiliza hadi mwisho na kumshukuru. Mwingine, mama mmoja wa kituo cha juu kabisa, alimwambia, "Umetuita kulima, Chaula, sasa unalichoma shamba."

"Ndiyo, dada. Bora nilichome mimi, kabla halijateketeza la jirani."

Kisha tukampigia Mhandisi Kwilasa, kijana aliyesimamia vituo vya nyanda za juu. Uso wake ukatokea kwenye kioo, nyuma yake dirisha na jua kali la Dodoma.

"Shikamoo Fundi. Hongera, naona mmekua!"

"Marahaba, mwanangu. Hatujakua. Yusta atakueleza."

Sikutarajia. Nilimtazama, akaniitikia kwa kichwa, na nikaeleza. Nilisema zamu zilivyokwenda, nikasema siku ngapi nilifungua njia kwa mkono wangu. Kwilasa aliandika, kisha akaacha kuandika.

"Mzigo wenu halisi ni asilimia ngapi?"

"Kumi na moja."

"Fundi Chaula. Kanuni hizi umeziandika wewe. Mimi nimefundishwa chuoni kwa michoro yako!"

"Ndiyo. Na mimi ndiye niliyezizunguka. Hata mlango ukiutengeneza mwenyewe, kuna siku utakubana kidole."

Kwilasa hakucheka. Alisema oda ingefutwa saa ile ile, na kwamba alilazimika kuandika taarifa. Lori lingefika Ijumaa kuchukua kontena. Vituo vingine vingefuata. Alisema hivyo akitazama chini, na nikamwona ni mtu mwema aliyeshika karatasi ngumu.

"Nina swali la mchoro," Fundi alisema. "Asilimia kumi na moja ni makabati mangapi kati ya kumi na sita?"

"Mawili. Hayajai."

"Hayo mawili yana kazi ya kweli?"

"Yana kazi ya kweli. Lakini Fundi, makabati mawili hayakai uwanjani. Yanahitaji kontena, na kontena zima kwa makabati mawili ni hasara."

"Nani kasema uwanjani? Yakikaa ndani ya nyumba ya mtu?"

Kwilasa alichukua kalamu yake tena. "Hakuna mchoro wa namna hiyo."

"Ukiwapo?"

"Ukinifikia kabla ya lori," alisema, "nitausoma. Siahidi zaidi ya kusoma."

*

Siku tatu zile ndizo ninazozikumbuka kuliko zote nilizofanya kazi naye.

Tulitandaza karatasi juu ya meza ya ushirika wa viazi. Fundi alichora kwa penseli, mimi nikapiga hesabu kwenye kompyuta na kumkatalia. Hakuchoka kukataliwa. Alikuwa na tabia ya kusema "Ehee!" kila nilipokamata kosa lake, kwa furaha, kama mtu aliyepigiwa hodi na mgeni aliyemsubiri.

"Unajua nilipokosea?" aliniambia siku ya pili, penseli sikioni. "Nilitengeneza ngazi nzuri sana. Kupanda, kushuka. Ila hatua yake ya kwanza nikaikata ya mtu mrefu. Makabati kumi na sita kwa mpigo! Nani mdogo ataipanda? Mimi mwenyewe, mfupi hivi, nisingeifikia."

"Miaka thelathini hukuiona?"

"Waliokuwa wakubwa hawakulalamika, na wadogo hatukuwauliza. Wewe weka hesabu ya feni, acha kunihoji kama askari."

Mchoro wenyewe ulikuwa rahisi ukiuona umekwisha. Kizio kipya kilikuwa kabati moja badala ya kontena. Kabati lingewekwa ndani ya ukuta wa jengo ambalo lipo tayari, zahanati au shule, uso wake upande wa stoo ili fundi alifikie, na mgongo wake upande wa chumba kinachohitaji joto. Hakuna hatua arobaini za bomba, hakuna pampu. Biashara ikikua, unaongeza kabati la pili, la tatu, la nne, ukuta ukijaa ndipo uite kontena. Mpimaji naye angefundishwa kuhesabu kwa kabati.

Tuliutuma Jumatano mchana. Alhamisi asubuhi Kwilasa alijibu kwa mstari mmoja: "Jaribuni. Makabati mawili. Nitawaandikia wale kumi pia."

Fundi alisoma, akanirudishia simu. "Hajasema hongera."

"Kasema jaribuni."

"Kwa mhandisi ni kitu kile kile. Kalete nyundo."

Tukabomoa ukuta kati ya stoo na chumba cha njiti, tofali kwa tofali, pazia la turubai likimkinga mtoto na vumbi. Nesi Anyesi alitusimamia kama mkwe. Kufikia jioni ile tukawa tumechomoa makabati mawili, tukayasukuma juu ya magogo ya mviringo hadi zahanati, Fundi akitembea mbele akirudi kinyumenyume, mikono imenyooshwa, akisema, "Taratibu, taratibu, njoo mama, njoo," utadhani anamwita ng'ombe mwenye mimba.

Ijumaa lori lilikuja lenyewe, bila dereva, kama yajavyo yote. Likanyanyua kontena lenye makabati kumi na manne, likageuka, likashuka mlima. Palibaki mstatili wa udongo mkavu ambapo majani hayakuwa yameota miaka ishirini.

Tukaingia ndani kusoma kipimajoto cha chumba. Kilitakiwa kuonyesha nyuzi ishirini na nane.

Kilionyesha ishirini na tano.

Tulisubiri saa nzima. Ishirini na tano. Makabati mawili yenye kazi ya kweli hutoa joto la kazi ya kweli, si zaidi. Najua alichowaza Fundi kwa sababu nilikiwaza pia: ningeweza kuziamuru zile seva zizidishe namba yoyote kwa namba yoyote, bure, mchana na usiku, na chumba kingepanda. Mkono wangu ulikuwa karibu na kibodi. Fundi aliutazama. Kisha akautazama ukuta.

"Nesi," alisema, "nyuzi tatu. Unazitoa wapi, usipozitoa kwenye mashine?"

"Kifuani," Nesi Anyesi alijibu, kama vile alikuwa akisubiri miaka yote aulizwe. "Chumba kikiwa na ishirini na tano, mtoto akae kifuani mwa mtu, ngozi kwa ngozi, blanketi juu. Muda wote. Tusekile ameanza tangu asubuhi. Lakini naye lazima aoge, ale, alale."

"Kifua cha mtu yeyote?"

"Kisafi. Chenye afya."

Fundi akaanza kufungua vifungo vya koti.

"Wewe?" Nesi akashika kiuno.

"Kuna kasoro gani? Kidogo, lakini kinafanya kazi."

Nesi alimnawisha hadi mabegani kwa sabuni, akamkagua kucha, akamwingiza kipimajoto kwapani. Fundi alisimama, nywele nyeupe kifuani, akilalamika kwamba miaka arobaini amepima joto la mashine za watu na sasa anapimwa kama mashine. Tusekile alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia. Kisha akainuka, akamlaza binti yake juu ya kifua cha yule mzee, taratibu, mguu mmoja, mguu wa pili, na Nesi akawafunga wote wawili kwa kitenge na blanketi.

Hapakuwa na pa kukaa. Kigoda chake hakikuwa na mgongo, na Nesi alikikataa. Niliazima kiti cha msimamizi wa ushirika, chenye mikono, nikakisogeza ukutani hadi mgongo wake ukagusana na bati la kabati.

Baada ya nusu saa Nesi alimpima mtoto. Thelathini na sita na nusu.

"Ehee!" Fundi alisema, lakini kwa kunong'ona.

Tusekile alilala saa tatu bila kujigeuza. Nesi alipokuja kumpokea mtoto, Fundi alikataa. Alisema bado kidogo. Alisema ametulia, msimwamshe.

"Yusta," aliniita. "Kwilasa keshapeleka mchoro kwa wale wenzetu?"

"Anapeleka kesho."

"Mwambie asubiri, una pungufu. Aongeze kiti."

Nikadhani anatania. Hakuwa anatania. Alinieleza vipimo: chenye mikono, mgongo umelala kidogo, kibandikwe kwenye ukuta wa makabati, upande wa ndani, kisihamishwe. Nikaandika vyote.

Fundi Obadia alifariki mwezi wa tatu uliofuata, moyo, akiwa shambani kwake. Binti wa Tusekile alikuwa na meno mawili. Siku hizi vituo vidogo viko thelathini na nne, na mimi ndiye ninayezunguka kuvikagua. Katika kila mchoro, pale ukutani, kuna alama ndogo ya mraba yenye herufi K. Wahandisi wapya huniuliza kama hicho ni kifaa, na kama kinaweza kuondolewa ili kupata nafasi ya kabati la ziada.

Nawaambia ni kifaa. Nawaambia kinatoa nyuzi tatu, na kwamba hakiondolewi.